Kompyuta Zetu Kuukuu: Tuchague Mfumo Gani?



Tangu Oktoba ya mwaka 2025 haujapita mwezi pasipo mzazi mmoja au wawili kutusimamisha, ama kwenye ngazi za jengo, ama pale kituo cha metro, na swali ni lile lile: kompyuta ya nyumbani imeleta maandishi kwamba haitapata tena ulinzi, na mwenye duka amesema dawa yake ni kununua nyingine. Baba mmoja, afanyaye kazi ya zamu ya usiku katika ghala humu humu Dubai Investments Park, alikuwa amekwisha kopa fedha kwa mwenziwe ili amnunulie mwanawe wa darasa la nane mashine mpya. Tulimwomba asubiri wiki mbili. Makala haya ndiyo matunda ya wiki mbili hizo ambazo, tukiri mapema, zilikuja kuwa miezi mitatu.

Kwanza tueleze kilichotokea. Kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo, wala hazitazimika. Ila matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu wa majumbani uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026. Mrithi wake, Windows 11, hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel hudai prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Sasa, mashine nyingi zilizomo katika nyumba zetu ni zile zilizotoka maofisini zikauzwa zikiwa zimetumika, tukazipata Bur Dubai au Sharjah, na nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Ni mashine madhubuti, kibodi zake hazichoki, lakini mlangoni pa Windows 11 hazipiti.

Hapo ndipo habari ya programu huria inapoingia. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliitoa hadharani kazi yake ya kiini cha mfumo wa uendeshaji, kikaitwa Linux. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake waweza kusomwa na kila mtu, kurekebishwa, na kugawiwa tena bila ya kumwomba mtu ruhusa. Hakuna ada, wala hakuna namba ya leseni ya kukwangua chini ya mashine. Shida yake ni ya namna nyingine: kila kikundi cha watu waweza kukichukua kiini hicho, kikakivisha nguo zake na kukipa jina lake. Mwenye kiu anafika akionyeshwa visima mia, na kila kisima kina mtu wa kukisifu. Wapo waliokuja kwetu wakiwa wamesoma habari hizi mwezi mzima, nao wakarudia pale pale kwenye Windows 10 isiyolindwa, kwa sababu ya kuchoshwa na uchaguzi tu.

Sisi tulivipunguza visima hivyo hadi vinne, navyo ni Debian, Ubuntu, Linux Mint na Fedora. Tatu za kwanza ni za ukoo mmoja. Debian ndiye babu. Ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na jina hilo aliliunganisha kutoka jina la mchumba wake Debra na la kwake mwenyewe. Ubuntu ilizaliwa ndani ya Debian mwezi Oktoba 2004, mfadhili wake akiwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002 katika chombo cha Warusi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo. Ubuntu na utu wetu ni shina moja. Linux Mint ndiyo mjukuu, iliyoanza mwaka 2006 kwa kazi ya Clement Lefebvre, ikisimama juu ya Ubuntu. Fedora ni ya mlango mwingine, mlango wa kampuni ya Red Hat, nayo tutaipitia upesi.

Baadhi ya wazee wetu humu wataikumbuka Ubuntu kwa njia nyingine. Kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikituma diski za CD bure kwa posta duniani kote, hadi ilipoacha mwaka 2011. Mmoja wetu alizipokea kwenye sanduku la posta huko Tanga akiwa mwanafunzi, bahasha kutoka Ulaya, bila ya kulipa hata senti, na hadi leo hawezi kuizungumzia Ubuntu kwa mizani iliyo sawa. Tunalitaja hili ili msomaji ajue kwamba katika kamati yetu kulikuwa na mpenzi.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni kwa Waswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na za mahesabu zenye menyu za Kiswahili, chini ya mradi uitwao Kilinux. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa programu zake katika miaka hiyo hiyo. Kuna maneno ya kompyuta tunayoyatumia leo bila ya kujua kwamba watu walikaa mezani wakayabishania. Mrithi wa kazi ya OpenOffice ni LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010, na hadi sasa ina kifurushi cha Kiswahili cha kupakua pamoja na kamusi ya kusahihisha tahajia. Tumeiwasha kamusi hiyo tunapoandika ukurasa huu. Hailijui neno “mwanawe”, lakini ilitushika mara tatu tulipokosea.

Hata hivyo tusiwadanganye. Ukichagua Kiswahili kuwa lugha ya mfumo mzima, katika mifumo yote minne utakuta menyu moja ni ya Kiswahili na ya pili ni ya Kiingereza, kwa kuwa kazi ya kutafsiri haijakamilika. Watoto waliokulia huku hawajali. Bibi anayetumiwa mashine Pemba atajali. Kiarabu, kinyume chake, kiko mbele zaidi. Maandishi hutoka kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa, na kubadili kibodi ni jambo la vitufe viwili. Kwa wazazi wenye watoto wanaofanya kazi za shule za Kiarabu, hilo si dogo.

Tulivyofanya ni hivi. Tulikusanya mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa na prosesa ya kizazi cha 5, ramu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Ya pili ilikuwa ya kizazi cha 6, ramu gigabaiti 8, na diski ya SSD. Ya tatu tuliokotewa na jirani aliyekuwa akihama, mashine ya zamani sana ya biti 32. Kila siku za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, tulikaa sebuleni mwa mmoja wetu, watoto wakitazama, tukaweka mfumo mmoja, tukautumia wiki nzima kwa kazi za kweli, tukauondoa, tukaweka mwingine.

Ile ya biti 32 tuimalize mara moja. Ubuntu na Mint ziliacha kuzihudumia mashine hizo miaka mingi, na Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho iliyokuja na kisakinishi chake. Heri ipumzike.

Fedora ni mfumo mzuri na safi, na mhandisi yeyote kijana atakuambia uuchukue. Lakini toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita hivi, na kila toleo huhudumiwa miezi kumi na mitatu tu. Nani kati yetu, baada ya zamu ya saa kumi na mbili, atakayekumbuka kuhamisha nyumba yake kila mwaka? Tuliiweka kando, wala hatujajuta.

Ubuntu tuliyoijaribu ni ya 24.04, iliyotoka Aprili 2024. Matoleo ya namna hii, yanayotoka kila miaka miwili mwezi wa Aprili, huhudumiwa miaka mitano bila ya malipo, na mtu wa nyumbani akijiandikisha aweza kuongezewa hadi miaka kumi kwa mashine zisizozidi tano. Kwenye mashine ya pili ilikwenda kama maji. Waifai ilishika, printa ya HP ilijitambulisha yenyewe, sauti ikatoka. Kwenye mashine ya kwanza, yenye gigabaiti 4, ilikuwa ikihema. Faili lake la kupakua linakaribia gigabaiti 6, na kivinjari chake cha Firefox huja kwa mtindo wa kifurushi uitwao snap, ambao siku ya kwanza ulituacha tukikitazama kioo hadi chai ikapoa. Isitoshe, sura yake si ile tuliyoizoea. Vitufe vya programu vimepangwa ubavuni mwa kioo, na yule mtoto wa darasa la nane aliuliza, “Sasa Start iko wapi?”

Swali hilo hakuliuliza kwenye Linux Mint. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na folda hufunguka kama zilivyokuwa zikifunguka. Mint ina nguo tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Ya tatu ndiyo nyepesi, nayo tuliivisha mashine ya gigabaiti 4. Iliamka. Haikuwa mbio, bali ilifanya kazi bila ya kumkasirisha mtu. Mint haitumii snap, na inakuja na programu iitwayo Timeshift inayohifadhi hali ya mfumo, ili mtoto akiharibu Jumatatu, Jumanne unairudisha ilivyokuwa Jumapili. Tumeitumia mara mbili. Hatutamtaja mtoto.

Lakini kwa haki, lazima tuseme na ila yake. Mint ni kazi ya kikundi kidogo, na mwezi Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti yake wakaelekeza watu kwenye faili lililotiwa sumu. Liligunduliwa upesi, na wenyewe walilitangaza bila ya kuficha. Tangu hapo, na kwa mfumo wowote ule, sisi hulinganisha ile namba ndefu ya uhakiki na ile iliyotangazwa kabla ya kuliweka faili kwenye flashi. Ni kazi ya dakika mbili. Na atakayekuletea flashi iliyokwisha kutengenezwa sokoni, mshukuru, kisha usiitumie.

Debian ilitushangaza. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ni ya mabingwa, na zamani ilikuwa kweli kwa sehemu: mtu aliweza kumaliza kuiweka kisha akagundua kwamba kadi ya waifai haina programu yake, na ya kuipakulia intaneti hana. Tangu Debian 12, programu hizo zimo ndani ya kisakinishi rasmi. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Maswali yake wakati wa kusakinisha ni mengi kuliko ya Mint, na mengine hayaeleweki kwa asiyejua, lakini ukishaiweka, imekaa. Haibadiliki-badiliki. Masasisho yake ni machache na madogo, kwa kuwa hurekebisha kilichoharibika tu na kuacha mengine yalivyo hadi toleo lijalo.

Udogo huo wa masasisho ndio uliotugawanya. Hapa Dubai intaneti ya nyumbani hulipwa kwa mwezi, na mtu hahesabu. Lakini miongoni mwa wasomaji wetu wapo wengi wanaofunga mashine kwenye mizigo ya meli kwenda Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, kwa ajili ya shule, madrasa au mdogo wao aliyeingia chuo. Kule mdogo wako atanunua bando, na kila masasisho yanakula bando lake. Mfumo unaopakua mamia ya megabaiti kila wiki ni mfumo ambao mwenyewe atauzima masasisho, na akiyazima amerudi pale pale tulipoanzia. Mmoja wetu alisema basi mashine zote za nyumbani ziwe Debian. Mwenziwe, yule wa CD za posta, akajibu kwamba kijana wa chuo akikwama atauliza wenzake, na wenzake wanaijua Ubuntu. Hoja zote mbili zina uzito. Tulibishana hadi saa tano ya usiku, mwenye nyumba akaanza kuzima taa.

Sasa tufike pale ambapo tungependa kupapita. Katika wiki ya tano, dada mmoja alituletea mashine yake tumwekee Mint. Tulimwuliza kama amenakili vitu vyake, akasema hajui kunakili, tukajitolea. Tulinakili yaliyomo katika C: nyaraka, picha, vyeti vya watoto. Kisha tukachagua “futa diski yote.” Hatukufungua D. Katika D ndimo alimokuwa ameweka picha za miaka saba, zikiwamo za mama yake mzazi aliyefariki mwaka uliopita. Yeye hakujua kwamba D ni sehemu ya diski ile ile. Na sisi tuliojua hatukutazama. Kwa programu iitwayo PhotoRec tuliokoa nyingi kiasi, zikiwa hazina majina wala mpangilio, na nyingine jamaa walimrudishia kutoka kwenye simu zao. Zilizobaki hazikurudi. Hakutulaumu kwa maneno. Kosa lilikuwa letu, tunaliandika hapa kwa idhini yake, na tangu siku hiyo hatuigusi mashine ya mtu hadi mwenyewe amekaa nasi, tukafungua kila folda pamoja, akaona nakala ikifunguka kwenye mashine nyingine.

Mifumo yote hii, kwa bahati njema, huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski hata kidogo. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Unaitengeneza kwenye Windows kwa programu kama Rufus, unawasha mashine kwa flashi hiyo, unachagua kujaribu, na unaona kwa macho yako kama waifai inashika, kama sauti inatoka, kama kamera inaona. Ukizima na kuichomoa, Windows yako iko pale pale. Wenye mashine zilizotoka maofisini waangalie jambo moja: nyingine zimefungwa kwa neno la siri la BIOS ambalo muuzaji mwenyewe halijui, na mashine hiyo haitakubali flashi yako. Ijaribu dukani kabla ya kulipa.

Kabla ya lolote, ulizeni shule. Programu za Microsoft Office haziwekwi kwenye Linux. LibreOffice hufungua mafaili yake, ila kazi iliyopambwa sana huweza kuvurugika mpangilio. Teams hutumika kupitia kivinjari, kwani Microsoft iliiondoa programu yake ya Linux mwaka 2022, na Google Classroom vilevile ni kivinjari tu. Tatizo ni mitihani. Baadhi ya shule hudai programu inayoifunga kompyuta ili mtoto asifungue kitu kingine, na programu hizo kwa kawaida ni za Windows na za Apple. Familia moja ililigundua hilo jioni ya kuamkia mtihani, baba akaazima mashine kazini. Ikiwa shule yenu inazidai, wekeni Linux kando ya Windows, au acheni hadi mwaka wa masomo uishe.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kwa familia inayotumia mashine hapa hapa, na ambayo haina fundi ndani ya nyumba, tunaona Linux Mint ndiyo inayofaa: Xfce kwa gigabaiti 4, Cinnamon kwa 8. Kwa mashine inayosafiri kwenda nyumbani, hasa inakokwenda shuleni au kwenye madrasa ambako mtu mmoja ataziangalia nyingi, tunaona Debian yenye Xfce, ikiwa imewekwa LibreOffice ya Kiswahili na, kwa watoto wadogo, michezo ya kujifunzia ya GCompris, kabla haijafungwa kwenye sanduku. Kwa kijana wa chuo mwenye mashine ya miaka ya karibuni, Ubuntu. Mwenzetu wa CD ametutaka tuandike kwamba hukubaliana na sentensi ya mwisho tu.

Na kuna jambo lililotushinda sote kwa manufaa, nalo wala halimo katika ubishi huu. Tulipoitoa ile diski ya kuzunguka katika mashine ya kwanza, tukaweka SSD, mifumo yote mitatu ilifunguka kwa namna ambayo mwenyewe alidhani tumembadilishia kompyuta. Bei ya diski hiyo ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Yule baba wa ghala alichofanya ni hicho, pamoja na Mint, na zile fedha za kukopa alizirudisha zikiwa bado ndani ya bahasha yake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya sala ya alasiri, tutakaa tena mahali pale pale. Mwenye kuja na aje na chaja yake, na kitu cha nje cha kuhifadhia chenye nafasi kuliko vitu vyake vyote, na neno lake la siri la Windows akiwa analikumbuka. Tutaanza na D.